Kamera Iliona, Mimi Nikakosea Kusoma

Leo nataka kukueleza habari za kamera. Si kamera ya mpiga picha wa harusi. Ni kamera ndogo ambayo hufungwa kwenye mti na kuachwa peke yake. Mnyama akipita mbele yake, kamera hupiga picha yenyewe. Wengine huiita kamera ya kutega, kwa sababu hutegwa kama mtego. Lakini mtego huu hauui wala haujeruhi. Hunasa picha tu.

Nitakueleza jinsi ya kuchagua kamera ya bei nafuu, usije ukapoteza fedha zako. Nitakueleza pia jinsi ya kuitega. Lakini kwanza nitakueleza kosa langu mwenyewe. Kosa hilo karibu limharibie maisha bibi mmoja asiye na hatia. Nalisema wazi ili wewe usilirudie.

Kunde zangu zaliwa

Mimi ni mkulima. Kijiji chetu kiko wilaya ya Shinyanga. Shamba langu la kunde limepakana na ngitili ya kijiji. Msomaji wa huku kwetu anajua ngitili ni nini. Ni eneo la majani na miti ambalo wazee wetu Wasukuma walilihifadhi, ili ng'ombe wapate malisho wakati wa kiangazi.

Zamani za ukoloni, miti mingi ya Shinyanga ilifyekwa ili kuondoa mbung'o. Baadaye mashamba ya pamba yaliongezeka, na mifugo ikaongezeka. Nchi ikabaki wazi. Upepo ukapeperusha udongo. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Mpango huo uliendelea hadi mwaka 2004. Wataalamu hawakuja na jambo geni. Waliwahimiza wananchi wafufue ngitili zao. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600 tu. Hadi mpango ulipokwisha, zilikuwa zimezidi hekta 300,000, katika vijiji 833. Mkoa wa Shinyanga wakati huo ulikuwa mkubwa. Mwaka 2012 uligawanywa. Bukombe ikaingia mkoa mpya wa Geita, na Bariadi, Maswa na Meatu zikaingia mkoa mpya wa Simiyu.

Miti iliporudi, ndege walirudi. Wanyama wadogo nao wakaanza kurudi. Hilo ni jambo jema. Lakini sisi wengine hatukuwaza kwamba mnyama akirudi, atatafuta chakula.

Mwezi wa Februari 2022 kunde zangu zilikuwa nzuri sana. Asubuhi moja nilikuta machipukizi ya mistari miwili yamekatwa. Siku ya pili, mistari mingine. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, kwa hiyo nyayo hazikuonekana vizuri. Majani yalikuwa yamekatwa juu juu, kama yamechumwa na mkono wa mtu.

Nikawaza: ni nani anayechuma majani ya kunde usiku? Huku kwetu majani ya kunde ni mali. Tunayachemsha, tunayaanika, tunapata nsansa ya kula wakati wa kiangazi. Nsansa huuzwa sokoni. Nikaona wazi kwamba kuna mwizi.

Karibu na ngitili anaishi bibi mmoja mjane. Hana mtoto anayekaa naye. Macho yake ni mekundu kwa moshi wa miaka mingi. Ndugu msomaji, unajua katika mikoa yetu macho mekundu yameleta balaa gani. Bibi zetu wengi wamesingiziwa uchawi, na wengine wameuawa, kwa sababu tu ya macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni. Mimi sikusema kwamba bibi huyu ni mchawi. Nilisema tu moyoni kwamba huenda ni mwizi. Lakini maneno mabaya huanza hivyo hivyo, kidogo kidogo.

Kamera kutoka machimboni

Mpwa wangu huchimba dhahabu Nyarugusu, wilaya ya Geita. Alikuja kutusalimu, nami nikamwambia habari za kunde. Akacheka. Akasema, "Mjomba, mimi ninayo kamera ya kutega. Tuliinunua Mwanza tulinde vifaa vyetu vya machimboni. Sasa tumeweka mlinzi. Chukua wewe." Bei yake ilikuwa kama ya mbuzi wawili.

Kabla hajaondoka alinieleza jinsi inavyofanya kazi. Nami nakueleza wewe.

Mbele ya kamera kuna macho matatu. La kwanza ni kioo cha kupigia picha. La pili ni jicho la joto. Jicho hili halipigi picha. Kazi yake ni kungoja. Kitu chenye joto tofauti na mahali kilipo kikipita mbele yake, kama mtu, mbuzi au paa, jicho hili huiamsha kamera, na kamera hupiga picha. La tatu ni mkusanyiko wa taa ndogo ndogo. Hizi huwaka usiku kwa mwanga ambao macho yetu hayauoni vizuri. Kwa sababu ya mwanga huo, picha za usiku hazina rangi. Huwa nyeusi na nyeupe. Picha za mchana huwa na rangi.

Tafadhali, kumbuka jambo hilo la mwisho. Mimi nililisahau.

Mpwa wangu alirudi Nyarugusu. Asubuhi iliyofuata nikatia betri. Kamera ikaniuliza tarehe na saa. Ilikuwa saa nne asubuhi. Nikabonyeza 04:00, nikaridhika. Nikaenda ukingoni mwa shamba, nikaifunga kwenye mti, juu kama kifua changu, ikatazama mashariki kwenye kijia. Nikaiacha siku nne.

Picha moja yazua makubwa

Siku ya nne nikatoa memori kadi. Ni kadi ndogo kama ile inayoingia kwenye simu. Nikaitia kwenye simu yangu. Picha zilikuwa zaidi ya mia nane! Nikaita majirani wawili tutazame pamoja.

Karibu zote zilikuwa za nyasi. Nyasi zinayumba kulia, nyasi zinayumba kushoto. Nyingine zilikuwa nyeupe tupu, kwa sababu jua la asubuhi lilipiga kwenye kioo. Tukachoka. Kisha ikatokea picha moja yenye mtu. Jua lilikuwa nyuma yake, kwa hiyo uso wake ulikuwa giza. Lakini tuliitambua fimbo yake na khanga yake. Alikuwa yule bibi. Kichwani alikuwa na mzigo uliofungwa kwa kitambaa.

Chini ya picha kulikuwa na namba: 02:10.

Jirani mmoja akasema, "Saa za simu 02:10 ni saa nane na dakika kumi usiku. Saa nane usiku bibi huyu anatafuta nini huku?" Mimi nikasema, "Mwizi wangu nimempata."

Kabla ya jua kuzama, picha ile ilikwisha kurushwa kutoka simu moja hadi nyingine. Kila aliyeipokea aliongeza neno lake. Wa kwanza alisema bibi ni mwizi. Wa tano alisema bibi hutembea usiku. Unajua maana ya maneno hayo. Mtu mmoja akasema, "Lisemwalo lipo." Viongozi wa sungusungu wakaambiwa. Sungusungu ni ulinzi wa jadi ulioanza huku kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1980, na umesaidia sana kupunguza wizi wa ng'ombe. Wakasema jambo lizungumzwe kwenye mkutano baada ya siku tatu. Msukuma anajua hukumu ya kutengwa. Ukitengwa, hakuna anayekusalimu. Hakuna anayekupa moto wala maji. Hata ukifiwa, unazika peke yako.

Hata kabla ya mkutano watu walianza kumtenga. Kisimani wanawake walinyamaza alipofika. Nilimwona akitua ndoo yake na kungoja peke yake kando. Nilijiambia kwamba anastahili.

Swali la mtoto

Jioni ya siku ya pili binti yangu aliichukua simu atazame picha. Yuko darasa la sita. Akakaa nayo muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Baba, usiku huu mbona una kivuli?"

Nikamwambia, "Kivuli gani?"

Akanionyesha. Kivuli cha bibi kilikuwa kirefu. Kilikuwa kimelala kutoka miguuni pake kuja upande wa kamera. Nyasi zilikuwa za kijani. Mbingu ilikuwa ya bluu. Binti yangu akaendelea kupekua. Akapata picha nyingine ya nyasi tupu, nyeusi na nyeupe, gizani kabisa. Picha hiyo iliandikwa 15:40. Akasema, "Na hii je? Saa tisa na dakika arobaini alasiri, mbona ni giza?"

Ndugu msomaji, mwili wangu uliingia baridi. Nikakumbuka siku niliyobonyeza 04:00. Mashine hizi huanza kuhesabu saa tangu saa sita usiku. Sisi Waswahili huanza kuhesabu tangu asubuhi. Saa nne asubuhi yetu, mashine huiandika 10:00. Mimi niliandika kwa hesabu ya kwetu, kisha nikasoma kwa hesabu ya mashine. Kamera ilikuwa imechelewa saa sita kamili. Ile 02:10 haikuwa saa nane usiku. Ilikuwa saa mbili na dakika kumi asubuhi. Watoto walikuwa shuleni. Mimi mwenyewe nilikuwa nakunywa uji. Na bibi alikuwa anapita njiani kama mtu mwingine yeyote.

Tulikuwa watu wazima watatu, tena tunajua kusoma. Tulisoma namba, lakini hatukuisoma picha.

Usiku ule sikulala. Kesho yake asubuhi na mapema nilianza upya. Safari hii nilimwomba binti yangu asome saa, mimi nibonyeze. Kisha nilifuata maelezo yote ya mpwa wangu bila kuruka hata moja. Nilitafuta mahali machipukizi yalipokatwa zaidi. Hapo palikuwa na pengo dogo kwenye boma la miiba. Nikategesha kamera chini, usawa wa goti, ikitazama pengo lile.

Usiku huo huo alinaswa. Ilikuwa 21:40, yaani saa tatu na dakika arobaini usiku. Picha nyeusi na nyeupe. Mnyama mdogo, masikio marefu, pembe mbili fupi zilizonyooka, macho yanang'aa, na shina la kunde mdomoni. Alikuwa nsya. Picha ya pili, yuko pengoni anaingia tena. Picha ya tatu, anatoka.

Nsya ni paa mdogo. Mabegani kimo chake ni kama nusu mita. Hutembea peke yake au wawili wawili, hasa jioni, usiku na alfajiri. Hupenda majani mateke na machipukizi. Ngitili yetu ilikuwa imemrudisha, na mimi nilikuwa nimempandia kunde mlangoni.

Nilikwenda kuomba radhi

Asubuhi nilikwenda kwa bibi. Nikapiga goti. Nikasema, "Mwangaluka, mayu." Aliitikia, kwa sababu ni mtu mwema. Nikamweleza yote. Nikamwonyesha picha ya nsya. Akaitazama muda mrefu, huku akiisogeza simu karibu na macho yake.

Nikamwuliza, "Mzigo ule ulikuwa nini?" Akasema, "Mlenda. Nauchuma kando ya njia kila nikitoka kunyesha mvua." Kisha akasema, "Mwanangu, hicho chombo chako kimeona. Wewe nyumba yako iko pale, miaka yote hii. Macho yako yalikuwa wapi?"

Sikuwa na jibu.

Kwenye mkutano nilisimama mwenyewe. Sikungoja kuitwa. Nikaonyesha picha zote, nikaeleza kosa la saa. Baadhi walicheka. Wengine waliinama. Wale waliorusha picha niliwaomba warushe na habari za nsya kwa watu wale wale. Wachache walifanya hivyo. Neno la uongo lilikwenda mbio, lakini neno la kweli lilikwenda kwa kuchechemea. Hadi leo kuna watu kijiji cha pili walioiona picha ya kwanza tu.

Kamera hizi si jambo jipya

Labda unadhani kamera ya kutega ni kitu cha juzi. Sivyo. Huko Marekani, mtu mmoja aitwaye George Shiras alianza kazi hii mwishoni mwa miaka ya 1800. Wao wana wanyama wanaofanana na swala wetu, lakini pembe zao zina matawi na huanguka na kuota upya kila mwaka. Shiras alifunga uzi porini. Mnyama akigusa uzi, unga wa mwanga ulilipuka na picha ikapigwa. Mwaka 1906 jarida la National Geographic lilichapisha picha zake 74.

Hapa Tanzania, mwaka 2005, kamera za kutega zilimnasa mnyama wa ajabu katika milima ya Udzungwa. Alikuwa aina ya sange, yaani yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga. Uso wake ulikuwa wa kijivu. Mwaka 2008 wataalamu walitangaza kwamba ni aina mpya ambayo sayansi haikuwa inaijua.

Kisha kuanzia mwaka 2010, watafiti waliweka kamera 225 katika mbuga ya Serengeti. Picha zilikuwa nyingi mno, wakaomba msaada wa watu wa kujitolea duniani kote wazitambue kupitia intaneti. Sikiliza jambo hili. Picha moja haikuamuliwa na mtu mmoja. Watu wengi waliitazama, kila mmoja peke yake, kisha majibu yakalinganishwa. Hata wao waliona kwamba jicho moja linaweza kukosea. Sisi tulikuwa watatu, lakini tulimsikiliza wa kwanza aliyesema.

Jinsi ya kuchagua kamera ya bei nafuu

Ukitaka kununua, peke yako au na kikundi chenu, angalia mambo haya:

1. Usidanganywe na megapikseli. Kwenye boksi huandikwa namba kubwa sana. Kamera nyingi za bei ndogo kwa kweli zina uwezo mdogo. Namba iliyobaki hujazwa na mashine yenyewe kwa hesabu zake. Mwombe muuzaji akuonyeshe picha yenyewe, hasa picha ya usiku.

2. Jaribu wepesi wake. Washa kamera, pita mbele yake kwa mwendo wa kawaida. Kisha tazama picha. Kama inakunasa ukiwa katikati, ni nzuri. Kama inanasa mgongo wako au nyasi tupu, iache.

3. Uliza habari za taa zake. Ziko zinazoonyesha wekundu kidogo usiku, na ziko zisizoonekana kabisa. Zenye wekundu kwa kawaida huangaza mbali zaidi. Zisizoonekana ni bora kama unahofia wezi.

4. Angalia mpira wa mlango wake. Mpira ukiwa umelegea au umekatika, maji ya mvua yataingia, na sisimizi pia.

5. Hesabu betri. Nyingi hutumia betri ndogo kama za saa ya ukutani, nne au nane. Yenye nane hukaa muda mrefu zaidi. Usichanganye betri mpya na kuukuu. Betri za bei ya chini kabisa huisha upesi, kwa sababu taa za usiku hula moto mwingi.

Jinsi ya kuitega

Kwanza, omba ruhusa. Kama ni shamba lako, waeleze majirani. Kama ni ngitili ya kijiji, nenda kwa serikali ya kijiji. Usitege kamera ielekee kisimani wala mahali watu wanapooga.

Pili, weka saa sawasawa. Jifunze orodha hii. Iandike kwenye karatasi na uibandike ukutani:

07:00 ni saa moja asubuhi.
10:00 ni saa nne asubuhi.
13:00 ni saa saba mchana.
16:00 ni saa kumi alasiri.
19:00 ni saa moja usiku.
22:00 ni saa nne usiku.
01:00 ni saa saba usiku.
04:00 ni saa kumi alfajiri.

Ukimaliza, piga picha moja ya majaribio. Linganisha saa ya picha na saa ya simu.

Tatu, chagua kimo. Kwa nsya au digidigi, weka usawa wa goti. Ukiweka juu kama nilivyofanya, paa atapita chini bila kuonekana. Kwa mnyama mkubwa, weka usawa wa kiuno.

Nne, simama mbali kidogo. Hatua nne au tano kutoka kwenye njia zinatosha. Kamera isitazame njia moja kwa moja kwa upande. Ielekeze mshazari, itazame njia inakokwenda. Hivyo mnyama atakaa mbele ya kamera kwa muda mrefu zaidi.

Tano, kamera itazame kaskazini au kusini. Ikitazama mashariki au magharibi, jua la asubuhi au la jioni litaiharibu picha.

Sita, fyeka nyasi mbele ya kamera. Nyasi zilizopata joto la jua zikiyumba kwa upepo, jicho la joto hudanganyika. Utapata picha mia nane kama zangu. Tena ujue kwamba mchana wa joto kali ardhi nayo huwa na joto karibu sawa na la mnyama. Wakati huo kamera inaweza kumkosa.

Saba, ifunge kwa waya au kwa mnyororo mwembamba na kufuli. Mti uwe mnene, usioyumba.

Baada ya kumnasa mnyama

Mimi niliziba lile pengo kwa matawi ya miiba, na nikapanda minyaa kando ya boma. Kunde zangu zikapona. Nsya sikumgusa. Wanyamapori ni mali ya Taifa. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda bila leseni. Kama mnyama anaharibu mazao, toa taarifa kwa ofisi ya kijiji, ili mwenye mamlaka ya wanyamapori aitwe. Kamera isiwe njia ya kumwonyesha mwindaji haramu mahali paa anapopita. Kwa hiyo picha ya mnyama pia usiirushe ovyo.

Haya, ndugu msomaji. Miaka mingi iliyopita wazee wetu walikaa darasani usiku, na taa ya kandili, wajifunze kusoma. Walijifunza ili wasidanganywe kwenye mizani ya pamba. Mimi nimejifunza kwamba kusoma hakuishi kwenye herufi na namba. Picha nayo husomwa. Tazama rangi yake. Tazama kivuli chake. Uliza saa iliwekwa na nani. Mwite na mwingine atazame kabla hujamwambia. Na kama picha ina sura ya mtu, nenda kwa mtu huyo kwanza, umwulize.

Kamera ile bado ninayo. Imefungwa kwenye mti ule ule, usawa wa goti. Kila nikienda kubadili betri, napitia kwa bibi, namsalimu. Wakati mwingine hunipa mlenda. Mwaka huu nimempa mistari mitatu ya kunde achume majani yake mwenyewe, mchana, mbele ya watu wote.